Sura ya 4: Kibaba Kilijaa Oslo

Jumamosi usiku, tarehe 12 Februari 2011, mwanamke wa miaka 24 aliyezaliwa Nairobi alisimama kwenye jukwaa la ukumbi wa Oslo Spektrum akaimba kiitikio cha Kiswahili. Mbele yake walikuwapo maelfu ya Wanorwei waliovaa makoti ya baridi, na wengine wengi walikuwa sebuleni kwao, simu mkononi. Wengi wao hawakuwa na habari kibaba ni nini. Hata hivyo walipiga kura, na walipomaliza, wimbo uitwao "Haba Haba" ukawa ndio wimbo wa taifa lao kwenda Eurovision.

Jina lenyewe halihitaji kuelezwa kwa msomaji wa kitabu hiki. Mtoto wa darasa la tatu, wa Tanga au wa Kisumu, ukimwanzishia "haba na haba" atakumalizia kabla hujavuta pumzi. Labda kibaba ndicho cha kukumbusha, maana siku hizi mchele unauzwa kwa kilo: ni kipimo cha nafaka cha zamani, na vinne vyake ndiyo pishi moja. Katika wimbo, mafunzo hayo yanatoka kwa bibi. Beti ni za Kiingereza na kiitikio ni cha bibi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Kiswahili kubebwa hadi Eurovision, na waliokibeba ni Wanorwei.

Mwimbaji ni Stella Mwangi. Familia yake ilihamia Norwei mwaka 1991, akiwa bado mtoto mdogo, akakulia Eidsvoll. Mnorwei hawezi kulisikia jina hilo bila kukumbuka somo la historia, kwa sababu ni Eidsvoll ndiko katiba ya nchi yao ilikotiwa saini mwaka 1814. Stella hakuwa mwimbaji wa mashindano ya namna hii. Alikuwa rapa, ana albamu tayari, anajulikana kwa mashabiki wa hip-hop huko na huku Kenya. Kwa hiyo swali la sura hii ni jepesi kulitamka: ilikuwaje nchi ya watu chini ya milioni tano, yenye theluji hadi Aprili, ikaona kwamba methali yetu ndiyo iipeleke Ulaya? Nami naongeza la pili, ambalo ndilo lililonifanya niiandike sura hii: kwa nini uamuzi uliopendwa kiasi hicho nyumbani ulianguka ulipovuka mpaka?

Kwanza tuondoe dhana moja. Tunasema "Norwei imemchagua fulani", lakini katika Eurovision serikali haimo. Mashindano yalianzishwa mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya. Zilishiriki nchi saba, kila moja na nyimbo mbili. Wanachama wa umoja huo ni mashirika ya utangazaji. Mwenye kiti mezani ni redio na televisheni ya umma, na kwa Norwei ni NRK. Ndiyo maana Moroko iliweza kushiriki mwaka 1980 kule The Hague: shirika lake ni mwanachama, kama yalivyo mengine ya Afrika Kaskazini. Samira Bensaid aliimba kwa Kiarabu, akapata pointi saba, zote kutoka Italia, na Moroko haikurudi tena. Hadi leo ndiyo nchi pekee ya Afrika iliyowahi kusimama pale. KBC au TBC hawana mlango huo. Mtoto wa Nairobi angeweza kuingia kwa kupitia nyumba ya mtu mwingine tu.

Umoja huo unaliachia kila shirika uhuru wa kuchagua litakavyo. Unaweka masharti machache: wimbo usizidi dakika tatu, jukwaani wasizidi watu sita, uwe haujatolewa kabla ya tarehe iliyowekwa. Namna ya kuupata ni juu yako. Wapo wanaokaa ofisini, wakamwita msanii wanayemtaka, wakampa mkataba. Italia inalo tamasha lake la Sanremo, lililoanza mwaka 1951 na lililoipa Eurovision yenyewe wazo la kuzaliwa. Mshindi wa Sanremo anapewa tiketi ya kwenda Ulaya, naye ana haki ya kukataa. Mwaka 2025 Olly alishinda Sanremo akasema haendi, akaenda Lucio Corsi aliyekuwa wa pili. Kwa Waitalia hilo si jambo la ajabu, kwa sababu Sanremo ni harusi na Eurovision ni safari ya fungate tu.

Norwei wao wana Melodi Grand Prix. Ilianza mwaka 1960, mwaka uleule walipoingia Eurovision, na wimbo wa kwanza kuuchagua uliitwa "Voi Voi". (Si Voi yetu ya Taita Taveta, ingawa kila nikilisoma jina hilo naisikia filimbi ya treni.) NRK hutangaza, watunzi hutuma nyimbo kwa mamia, watu wa NRK hukaa kuzisikiliza, na wakati huohuo hao hao hupiga simu kwa wasanii wanaowataka wakiwaomba waingie. Hapa ndipo uchaguzi unapofanyika hasa, ingawa hakuna kamera. Mwananchi anayejisifu kwamba amechagua wimbo wa taifa amechagua kati ya nyimbo chache zilizokwisha kupitishwa na watu wachache kwenye chumba chenye spika nzuri. Mwaka 2011 zilibaki nyimbo 21.

Baada ya hapo kikaanza kitu ninachokipenda katika utaratibu wa Wanorwei. Hawakuketi Oslo wakasubiri watu waje. Kuanzia Januari gari la matangazo lilizunguka miji midogo: Ørland, yenye kambi ya jeshi la anga, Florø, mji wa magharibi kabisa mwa nchi, Skien, kisha Sarpsborg, kwa mchujo wa bahati ya mwisho. Fikiria mchujo wa taifa unaofanyika Kilwa Masoko, kisha Kasulu, ndani ya ukumbi wa michezo wa shule, ukirushwa moja kwa moja. Shirika linalolipiwa na kila kaya lina sababu ya kufanya hivyo. Wakati ule kila mwenye televisheni Norwei alilipa ada ya NRK, awe wa mjini au wa kisiwani, na mlipaji wa kisiwani naye anataka kuona taa zikiwashwa kwake.

Fainali ya Oslo ilikuwa na hatua mbili. Katika ya kwanza watu walipiga kura, zikatolewa nyimbo nne bora. Katika ya pili, wanayoiita fainali ya dhahabu, hesabu ikaanza upya kwa hizo nne peke yake. Aliyewahi kuona wagombea wawili wa kijiji kimoja wakigawana kura na kumpisha wa tatu atatambua mara moja faida ya mpango huu. Pamoja na Stella walibaki Sie Gubba, Helene Bøksle na The BlackSheep. Bendi hiyo ya mwisho ilikuwa ya vijana, na mwimbaji wake, Agnete Johnsen, ni wa jamii ya Wasami wa kaskazini kabisa, tutamrudia. Stella aliwashinda wote na hakukuwa na ubishi. Wimbo ukapanda hadi kileleni mwa chati ya Norwei.

Kwa nini walimpenda? Jibu la haraka ni kwamba wimbo ulikuwa mzuri, mwepesi, unashika sikio. Lakini nyimbo nyingi hushika sikio. Nadhani la muhimu zaidi ni miaka miwili iliyotangulia. Mwaka 2009 Norwei ilimpeleka Moscow kijana mwenye fidla, Alexander Rybak, aliyezaliwa Minsk, Belarus, akaletwa Norwei akiwa mdogo. Alirudi na pointi 387, ambazo hakuna aliyewahi kuzipata kabla yake. Ushindi ule uliwaletea Wanorwei gharama ya kuandaa mashindano ya 2010, kubwa kiasi kwamba NRK iliuza haki za kurusha Kombe la Dunia la Afrika Kusini ili ipate fedha. Vilevile uliwaachia picha yao wenyewe waliyoipenda: nchi ndogo ambayo mtoto wa mhamiaji anaichukua bendera na kuipandisha juu. Stella alikuja wakati picha hiyo bado haijakauka rangi. Kumpigia kura Stella kulikuwa pia njia ya Mnorwei kusema yeye ni nani mwaka 2011.

Kura ya nyumbani siku zote ina mambo mawili ndani yake. Moja ni wimbo. Jingine ni kioo.

Hilo lisingekuwa tatizo kama si sharti moja la Eurovision: huruhusiwi kuipigia kura nchi yako. Wasomaji waliowahi kumaliza salio la simu kwa ajili ya Tusker Project Fame wanakumbuka jinsi ilivyokuwa, Mkenya akimpigia wake, Mganda wake, Mtanzania wake. Eurovision imeufunga mlango huo. Wale waliomchagua Stella, wote, kwa mamia ya maelfu yao, usiku wa Eurovision kule Düsseldorf hawakuwa na sauti hata moja juu yake. Nchi inachagua kwa kura za watu ambao hawatapiga kura, ili ikahukumiwe na watu ambao hawakuulizwa. Sijui utaratibu mwingine wa uchaguzi ulio wa kinyume namna hii.

Wanorwei walikuwa wamekwisha kulionja hilo. Mwaka 1978 walimtuma Paris Jahn Teigen na wimbo "Mil etter mil". Teigen alikuwa kipenzi chao, mtu wa vituko, aliyekuwa amepanda jukwaa la Melodi Grand Prix miaka miwili kabla akiwa na vazi la mifupa kama maiti iliyofufuka. Ukiitazama rekodi ya Paris utamwona akizivuta na kuziachia kanda za suruali begani, anaruka huku amepanua miguu, uso mkavu wa mtu anayejua mzaha anaoufanya. Nyumbani wangeangua kicheko. Mbele ya majaji wa Ulaya ulikuwa ukimya. Nchi 20 zilishiriki, na hakuna jaji wa nchi yoyote aliyempa hata pointi moja. Wimbo ukawa maarufu mno Norwei, kwa sifuri hiyohiyo, na Teigen akawa shujaa. Walimtuma tena 1982 na 1983! Norwei imepata sifuri mara nne katika historia yake, na ukizungumza na Mnorwei juu ya hilo utashangaa kuona anavyotabasamu.

Basi, utasema, wape kazi wataalamu. Wanaojua muziki wachague, umma ukae utazame. Uswidi walifanya hivyo mwaka 1973. Kwenye mchujo wao lilikuja kundi la watu wanne, wake wawili na waume wawili, na wimbo "Ring ring". Jopo la wataalamu likaliweka nafasi ya tatu. Kelele zilizofuata zililiondoa jopo, na mwaka uliofuata wakapiga kura majaji kutoka mikoani. Kundi lilelile likarudi na wimbo mwingine, "Waterloo", likashinda nyumbani, na tarehe 6 Aprili 1974 likashinda Brighton. Kundi hilo ni ABBA, na wataalamu wa Stockholm hawajasamehewa mpaka leo.

Na umma nao ukiachiwa peke yake unategemea mashine. Februari 2020, kwenye fainali ya Melodi Grand Prix kule Trondheim, mfumo wa kupiga kura kwa intaneti ulikwama nchi nzima ikiwa inatazama. NRK ikageukia jopo la akiba la watu 30, likachagua nyimbo nne za kuingia fainali ya dhahabu. Kura ya nchi nzima, kisha watu thelathini. Hasira ilikuwa kubwa. Mshindi, Ulrikke, hata hakufika Ulaya, kwa sababu ugonjwa wa korona ulifuta mashindano ya mwaka ule.

Turudi Düsseldorf. Tarehe 10 Mei 2011, nusu fainali ya kwanza, nchi 19, kumi zinapita. Enzi hizo mpangilio wa kuimba ulikwenda kwa kura ya bahati, na Norwei iliangukia nafasi ya pili, mara baada ya Poland. Mashabiki wa Eurovision wanaiogopa nafasi hiyo kama mabaharia wanavyoogopa kupiga mluzi baharini. Katika fainali, hadi 2025, hakuna wimbo uliowahi kushinda ukiimbwa wa pili. Mimi siamini sana uchawi wa namba. Ninachoamini ni kwamba mtu anayetazama nyimbo 19 kwa mara ya kwanza huwa amesahau ya pili anapofika ya kumi na nane.

Bahati nyingine mbaya ilikuwa majirani. Waliopiga kura katika nusu fainali wakati ule walikuwa nchi zilizomo humo na chache zilizopangiwa. Uswidi na Denmaki, ndugu wa damu wa Norwei, wanaoangalia televisheni yao na kucheka vichekesho vyao, walikuwa nusu fainali ya pili. Stella alibaki na Ufini na Aislandi, kisha Albania, Armenia, Uturuki, Serbia, Georgia, San Marino. Nusu ya uamuzi ilikuwa ya watazamaji, nusu ya majaji wa kila nchi.

Nimeitazama rekodi ya Oslo na ya Düsseldorf moja baada ya nyingine, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Wimbo ni uleule. Lakini Oslo alikuwa binti wa Eidsvoll anayewaletea watu wake zawadi ya bibi yake, na kila aliyekuwa ukumbini alijua hadithi hiyo kabla hajafungua mdomo. Düsseldorf alikuwa nambari mbili, msichana asiyejulikana kutoka Norwei, akiimba maneno ambayo mtazamaji wa Tbilisi hakujua ni ya lugha gani. Ana dakika tatu tu. Kadi ya utambulisho iliyofanya kazi nyumbani haikusomeka kule, na muziki peke yake, uwe mtamu vipi, ulifanana na nyimbo nyingine tano za usiku ule zenye ngoma na mikono juu.

Alipata pointi 30, nafasi ya 17. Hakufika fainali.

Wapo waliosema tangu siku ile kwamba kosa ni la lugha. Siafikiani nao. Kati ya 1977 na 1998 sharti lilikuwa kila nchi iimbe kwa lugha yake, na Norwei ikashinda 1985 kwa Kinorwei. Mwaka 1995 ikashinda tena na "Nocturne", wimbo wenye maneno 24 tu, uliobaki wote ni muziki wa ala. Tena kama sharti lile lingekuwa bado lipo, Stella angelazimika kumtafsiri bibi yake kwa Kinorwei, na hapo sidhani hata Oslo angevuka. Lugha isiyoeleweka haijawahi kuuzuia wimbo Eurovision. Kilichozuia ni kwamba nguvu ya wimbo ule ilikuwa katika hadithi, na hadithi haikusafirishwa. NRK walikuwa na miezi mitatu kati ya Februari na Mei. Watu wa mchujo wanapenda kuamini kuwa kazi imekwisha mshindi anapotajwa, na karatasi za rangi zinapomwagwa kutoka darini kila mtu anakwenda kulala.

Umma wa Ulaya na majaji wake nao hawasomi kitabu kimoja. Mwaka 2019 Norwei ililituma KEiiNO, kundi lenye mwimbaji Msami anayepiga joik, wito wa kale wa kaskazini. Watazamaji wa Ulaya waliliweka la kwanza kwa pointi 291. Majaji wakalipa 40. Likaishia la sita.

Sasa niwarudie The BlackSheep, kwa sababu baada ya Düsseldorf ni rahisi kusema Norwei ingemtuma yule wa pili. Agnete Johnsen alirudi Melodi Grand Prix mwaka 2016, safari hii peke yake, kwa jina la Agnete. Ukumbi ulikuwa uleule wa Oslo Spektrum, mwezi uleule wa Februari, na Wanorwei wakamchagua. Mei akaimba Stockholm, kwa majirani, kwenye nusu fainali ya pili. Zilipita kumi. Yeye alikuwa wa 13.